Kutembea kwa bwato kwenye ziwa Nzilo: mambo ya kujua kabla ya kupanda

Sisi watu wa Tenke tumezoea kungojea train kuliko kungojea bwato. Hapa kwetu ndipo reli inagawanyika: njia moja inaenda Kolwezi, ingine inapanda Kamina. Lakini kila mwaka mvua ikiisha, familia, kwaya, wanafunzi na wafanyakazi wa kampuni wanaanza kuuliza: siku ya kupumzika tutaenda wapi? Na jina linalorudi mdomoni ni Nzilo. Watu wanakodi gari, wanabeba bukari na kuku, wanafika kwenye maji, wanatafuta bwato ya kuwazungusha. Siku nzuri kabisa. Lakini wengi wetu tumekomalia kwenye udongo mwekundu, mbali na maji. Kuogelea hatujui. Ndiyo maana tumeandika ukurasa huu, ili kila kundi liende na lirudi na hesabu ile ile ya watu.

Ziwa hili ni la namna gani

Nzilo ni ziwa lililotengenezwa na watu. Liko kaskazini ya Kolwezi, kilomita kama thelathini hivi kutoka mjini. Mwanzo wa miaka ya 1950, Union Minière ilifunga mto Lualaba kwa baraji ili kupata umeme wa migodi. Wabelgiji waliipa jina la Delcommune, yule Alexandre Delcommune aliyepita Katanga mwaka 1891 na 1892. Leo inaitwa baraji ya Nzilo, iko chini ya SNEL, na central yake ina uwezo wa megawati 108.

Nyuma ya baraji, maji yalijaa bonde na kuingia katika kila kijito. Ndiyo maana ziwa lina mikono mingi, na ukiwa katikati unaweza kupoteza njia kama humjui mtu wa kule. Chini ya baraji mambo yanageuka: Lualaba inaingia katika makorongo ya Nzilo na kushuka zaidi ya metre 400 kwa kilomita kama 70. Kule hakuna bwato ya matembezi. Maji yale yakishatoka ndiyo yanaenda Bukama, Kongolo, Kindu, mpaka Kisangani, ambako mto unachukua jina la Congo. Kwa hiyo ndugu zetu wa Tanganyika na wa Maniema, maji mnayochota ninyi yamepita kwanza kwetu.

Saa na majira

Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia mwezi wa tano mpaka wa tisa. Mwezi wa sita na wa saba asubuhi ni baridi sana, beba nguo nzito, hata kama mchana jua litawaka. Kiangazi hakuna radi, lakini kuna upepo unaotoka upande wa kusini-mashariki. Asubuhi maji yanalala kama kioo. Jua likipanda, upepo unaamka, na mchana mawimbi yanaweza kuwa makubwa, zaidi pale ambapo maji ni wazi kwa urefu. Upepo ukisukuma maji kwa kilomita nyingi bila kisiwa wala kona ya kuuvunja, wimbi linakua njiani.

Kwa hiyo kanuni ni rahisi: panda mapema, na kabla ya saa saba mchana muwe mmerudi kando. Wengi wanafanya kinyume. Wanafika saa tano, wanakula, wanakunywa, wanapanda bwato saa nane, saa ile ile ambayo wavuvi wenyewe wanavuta mitumbwi yao kwenye mchanga. Ukiona wavuvi wanarudi, wewe unaenda wapi?

Wakati wa mvua, kuanzia mwezi wa kumi na moja mpaka wa nne, mashaka ni radi. Kwenye maji, kitu kirefu kuliko vyote ni kichwa chako. Mkisikia ngurumo, hata ya mbali, mwambieni mwendeshaji aelekee kando iliyo karibu zaidi, hata kama siyo pale mlipoacha gari. Na mkishashuka, msikimbilie chini ya mti ulio peke yake.

Mwisho wa kiangazi maji ya ziwa la baraji yanapungua, na visiki vilivyofichwa vinakaribia juu. Motere ikigonga kisiki inaweza kuvunjika, mkabaki katikati. Kwa sababu hiyo bwato yoyote ya motere lazima ibebe makafi mawili.

Kundi dogo lina nguvu

Watu sita mpaka kumi ni hesabu nzuri. Mnagawana bei ya bwato nzima, na hakuna mgeni atakayeongezwa juu yenu. Ukilipa kwa kichwa, mwenye bwato anatafuta vichwa vingi, hiyo ni biashara yake. Ukilipa bwato nzima, idadi ya watu mnaiamua ninyi.

Kabla ya kupanda, sikilizaneni mambo haya na mwenye bwato, mbele ya watu wawili au watatu: bei ni ya kwenda na kurudi? Mafuta ya motere iko ndani ya bei? Atawangojea kisiwani au atawaacha na kurudi? Mtatembea saa ngapi? Lipeni nusu mbele, na nusu mkirudi. Mkifika kijijini, pitieni kwanza kwa chef, mwambieni ninyi ni nani na mko wangapi. Hiyo ni heshima, tena kama mmechelewa kurudi kuna mtu anayejua kwamba mko kwenye maji.

Nieleze kitu kimoja tulichoona sisi wenyewe. Tulikuwa watu nane kutoka Tenke. Mwenye bwato alikuwa na majile manne tu, yale makoti ya kuelea, na alitaka kuongeza watu wengine wanne pamoja na magunia mawili ya makala. Akasema, «Muko naogopa nini? Mayi inatulia.» Wengine katika kundi walianza kupanda, kwa haya tu, hawakutaka kuonekana waoga. Mama mmoja ndiye aliyekataa. Alisema, «Papa, sisi tulilipa bwato nzima. Jile ni nne, basi tutaenda wanne wanne.» Tulizunguka mara mbili, kila mara saa moja. Tuliobaki tulichoma samaki. Hakuna aliyepata hasara, hata mwenye bwato. Tangu siku ile nimejua kwamba mtu mmoja akisema hapana mapema, wengine wote wanapumua.

Jile, uzito na kukaa

Jile ni ya kuvaa kabla bwato haijatoka kando. Ile inayokaliwa kama mto wa kiti haikusaidii, kwa sababu bwato inapinduka kwa nukta chache, na hakuna atakayekungoja ufunge kamba. Jaribu hivi: funga kamba zote, kisha mwenzako avute jile juu kwa mabega. Kama inapita masikio, ni kubwa mno kwako. Mtoto avae jile ya mtoto. Kama hakuna ya kipimo chake, abaki kando na mtu mzima, hata akilia.

Angalia ubavu wa bwato mkishakaa wote. Kati ya mdomo wa bwato na maji ibaki angalau shubiri moja na nusu. Kama maji iko karibu zaidi, watu ni wengi, washuke wengine. Mizigo iwe chini katikati. Kila mtu akae, asimame mmoja tu kwa wakati mmoja, na kwa ruhusa ya mwendeshaji. Mwendeshaji aliyekunywa, msipande naye. Na ninyi bia zenu zingojee mkirudi.

Kuna somo ambalo mashariki yetu imelilipa kwa damu. Tarehe 3 mwezi wa 10 mwaka 2024, bwato Merdi iliyotoka Minova ilipinduka karibu na bandari ya Kituku, Goma, mbele ya macho ya watu waliokuwa wanangojea ndugu zao. Barabara ilikuwa imekatwa na vita, watu wote wakasongamana kwenye maji, na ile bwato ilibeba wengi kupita uwezo wake. Watu makumi walikufa. Kule Tanzania, tarehe 20 mwezi wa 9 mwaka 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na kisiwa cha Ukara, kwenye ziwa Victoria. Ilijengwa kwa watu mia moja na mmoja. Waliokufa walipita mia mbili.

Angalia: zote mbili zilizama karibu na kufika. Watu wakiona kando wanasimama, wanachukua mizigo, wanasogea upande mmoja, na chombo kilichojaa sana hakiwezi kubeba hilo. Kwa hiyo hata na bwato yenu ndogo ya Nzilo, mkifika kaeni mpaka ifungwe, kisha shukeni mmoja mmoja.

Cha kuona, na cha kutokaribia

Mwombeni mwendeshaji apite polepole kandokando, penye majani na matete. Hapo ndipo ndege wako: tai wa samaki mwenye kichwa cheupe, ndege weusi wanaokausha mabawa juu ya visiki, na wale wadogo wa buluu wanaodondoka majini kama jiwe. Kwenye kambi za wavuvi mtaona namna samaki inavyokaushwa na kufukizwa, na mnaweza kununua ya kupeleka nyumbani. Uliza kabla ya kupiga mtu picha.

Baraji msiikaribie na bwato. Mahali maji inapoingia kwenye mashine kuna nguvu ya kuvuta ambayo juu haionekani. Na msiipige picha bila ruhusa, ni mali ya serikali inayolindwa, simu yako inaweza kubaki kule.

Kuogelea, uliza wavuvi kwanza. Lualaba ni mto wa mamba na viboko, na wao wanajua ni kona gani. Mahali penye majani mengi na maji yasiyotembea pana pia konokono za bilharzia, ugonjwa unaofanya mtu akojoe damu. Mdudu wake anapita kwenye ngozi, huhitaji kunywa maji. Ukiona damu kwenye mkojo wiki au miezi baadaye, nenda kituo cha afya na useme wazi kwamba uliingia ziwani. Dawa iko, inaitwa praziquantel.

Kwa walio kwenye maziwa mengine

Msomaji wa Likasi ana Tshangalele karibu, ziwa la baraji ya Mwadingusha kwenye mto Lufira, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930. Ni zuri kwa ndege na mafunjo, lakini ni la kina kifupi, na kina kifupi kinafanya mawimbi kuwa mafupi na ya kupiga haraka. Wa Kalemie na Uvira wana Tanganyika, yenye kina cha metre 1470. Kule mawimbi ni kama ya bahari, msitoke mbali na kando kwa bwato ndogo. Wa Goma na Bukavu wana Kivu. Siku za amani watu walikuwa wanaenda kisiwa cha Tchegera na kurudi siku ile ile. Upande wa kaskazini mjihadhari na mazuku, ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mahali pa chini kando ya maji. Ukiona ndege au panya amekufa bila kidonda, ondoka, peleka watoto mahali pa juu.

Bwato ikipinduka

Msiiache. Bwato ya mbao inaelea hata ikigeuka, na mtu anayetafuta ataiona mapema kuliko kichwa kimoja. Shikeni ubavu wake, hesabuni watu kwa majina, watoto wawekwe juu. Usijaribu kuogelea mpaka kando, macho yanadanganya, umbali kwenye maji ni mrefu kuliko unavyoonekana. Filimbi ya shilingi kidogo, iliyofungwa kwenye jile, inasikika mbali kuliko sauti yako.

Aliyetolewa majini bila kupumua, msimning'inize miguu juu wala msimkande tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, ziba pua, mpulizie pumzi mdomoni mara 5. Kisha bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu na haraka mara 30, pumzi 2, tena 30, pumzi 2, bila kuacha mpaka apumue au mfike kwa muganga. Hata akiamka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali siku ile ile, maji yaliyobaki kifuani yanaweza kumrudia usiku.

Kabla hamjatoka nyumbani

Mwachieni mtu mmoja karatasi: majina ya wote, mahali mtakapopandia, saa ya kurudi. Simu iwe na umeme na ifungwe ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji. Bebeni maji ya kunywa, kofia, kamba ya metre kumi, filimbi, na bidon ya lita tano iliyo tupu na kufungwa vizuri, hiyo nayo inaelea na inaweza kutupiwa mtu. Hesabu majile kabla ya kulipa. Kama watu ni nane na majile ni manne, sasa mnajua namna ya kufanya.