Utalii wa mashamba Pemba

Utalii wa mashamba Pemba ni matembezi ya wageni katika mashamba ya viungo, matunda na mpunga ya kisiwa hicho cha Zanzibar, Tanzania. Mikarafuu hustawi kwenye vilima, na mpunga hulimwa mabondeni. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi ya Unguja lakini kikaisalimisha ya Pemba, ambayo tangu hapo ndiyo hutoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Wakati wa mavuno, wachumaji hupanda mikarafuu na kukata vishada kabla maua hayajachanua. Nyumbani, familia hukaa pamoja kuchambua, yaani kutenga karafuu na makonyo, kisha karafuu huanikwa juani kwenye majamvi hadi zigeuke rangi ya kahawia. Makonyo hukamuliwa mafuta kwa mvuke katika kiwanda cha Wawi, karibu na Chake Chake. Kwa kufuata msimu, mgeni huonja pia shokishoki, doriani, mafenesi na machungwa.

Mnunuzi halali wa karafuu za wakulima ni Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC).