Joto linavyoangamiza diski ya kipakatalishi kikuukuu, na jinsi ya kuinusuru

JOTO na vumbi ni maadui wawili wakuu wa kipakatalishi kilichokula chumvi nyingi, na katika kaunti za Kitui na Makueni maadui hao huja pamoja. Katika nyanda za chini kama vile Mutomo, Kibwezi na Mtito Andei, joto la mchana hupita nyuzi 30 za Selsiasi, hasa mwezi wa Februari na Machi, kisha Septemba na Oktoba, wakati udongo mwekundu nao unapotimka kwa kukosa mvua.

Sehemu ambayo kuharibika kwake huuma zaidi ni diski ngumu. Kipakatalishi kinaweza kununuliwa kingine, lakini alama za wanafunzi, hesabu za chama au rekodi za wakulima wa maembe haziuzwi dukani.

Chanzo cha joto

Ndani ya diski ya kawaida ya kipakatalishi mna sahani zinazozunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kila sekunde. Nyingine huzunguka mara 7,200. Mota inayozizungusha huzaa joto, na kwa kuwa diski haina feni yake, joto hilo hutokea kwenye kiwiliwili cha mashine na hewa inayopita.

Chumba kikiwa na nyuzi 33, na diski ikazidi hapo kwa nyuzi 15 au 20, itakuwa imekaribia au kupita 50. Watengenezaji wengi huweka kikomo kuwa nyuzi 60, lakini ni vyema diski isivuke 45 katika matumizi ya kila siku.

Umri nao una usemi. Utafiti wa kampuni ya Google uliotolewa mwaka wa 2007, uliochunguza zaidi ya diski 100,000 katika vituo vyake, ulibaini kuwa joto halikuwadhuru vijana kama ilivyodhaniwa. Diski zilizotimiza miaka mitatu na zaidi ndizo zilizoonekana kuathiriwa zaidi na joto la juu.

Hatua ya kwanza: Okoa data

Kabla ya kushika bisibisi, nakili faili muhimu kwenye flashi au diski ya nje. Anza na zile zisizopatikana kwingine. Kazi hii ifanywe asubuhi mapema kungali na ubaridi, kwani kunakili faili nyingi kwa mfululizo huongeza joto. Ikiwa diski inatoa mlio wa kugonga-gonga, usiilazimishe. Zima mashine na umwone fundi wa kuokoa data.

Hatua ya pili: Pima

Diski nyingi zina kihisi joto ndani yake. Programu isiyolipiwa ya CrystalDiskInfo huonyesha kipimo hicho katika Windows, nayo GSmartControl hufanya vivyo hivyo katika Linux. Pima asubuhi, kisha alasiri, mashine ikiwa imefanya kazi kwa nusu saa.

Tazama pia idadi ya sekta zilizohamishwa (namba 05) na zile zinazosubiri kuhamishwa (namba C5, au 197 katika Linux). Idadi hizo zikiwa sufuri ilhali joto ni kali, huenda tatizo liko nje ya diski. Zikiongezeka siku baada ya siku, diski inakufa, na kuipoza hakutaifufua.

Hatua ya tatu: Fungua njia ya hewa

Kipakatalishi kisiwekwe kitandani, mapajani wala juu ya kitambaa, kwa maana matundu ya hewa huzibwa. Meza tupu hutosha, na vipande viwili vya mbao chini ya pembe za nyuma huruhusu hewa kupita.

Baada ya hapo, zima mashine, chomoa chaja na utoe betri iwapo inatoka. Betri iliyofura isiguswe ila na fundi. Fungua kifuniko cha chini, shikilia mapanga ya feni yasizunguke, kisha ondoa vumbi kwa brashi laini na kavu. Usitumie kitambaa chenye maji. Feni inayokwaruza au isiyozunguka ibadilishwe.

Diski yenyewe haifunguliwi kamwe, kwa kuwa punje moja ya vumbi yaweza kukwaruza sahani. Baadhi zina kitundu kidogo cha kupumulia juu yake. Kisizibwe kwa gundi wala utepe.

Punguza pia kazi zisizo za lazima. Mashine yenye kumbukumbu ndogo huifanya diski kuwa msaidizi wake, ikaandika na kusoma bila kupumzika. Kufunga programu zisizotumika au kuongeza kumbukumbu huipunguzia mzigo.

Wakati wa kubadilisha

Ikiwa njia ya hewa ni safi na diski ingali inapita nyuzi 50, au sekta mbovu zinaongezeka, dawa ni kuibadilisha. Diski za kisasa zisizo na sahani, maarufu kama SSD, hazina kitu kinachozunguka, na nyingi za umbo la inchi 2.5 huingia mahali pa ile ya zamani. Mashine za kale mno hutumia kiungio cha IDE badala ya SATA, hivyo fundi athibitishe kabla ya ununuzi. SSD nazo huchakaa, na hazimwondolei mtu wajibu wa kuweka nakala.

Mwisho ni safari. Anayesafiri kwa bodaboda kutoka Wote hadi Kathonzweni azime mashine kabisa kabla ya kuitia mkobani. Mashine iliyofunikwa tu yaweza kuendelea kufanya kazi ndani ya mkoba usiopitisha hewa, na diski inayozunguka huvumilia mitikisiko kidogo sana. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.