Parodius

Parodius (kwa Kijapani: パロディウス) ni mfululizo wa michezo ya video ya kufyatua risasi uliotengenezwa na kampuni ya Konami ya Japani kuanzia mwaka 1988. Jina lake limeunganisha "parodi", yaani mwigo wa kuchekesha, na Gradius, mchezo mashuhuri wa vita vya angani ambao Konami yenyewe iliutoa mwaka 1985. Mchezaji wa Parodius si lazima arushe chombo cha kivita: anaweza kuongoza pweza au pengwini. Maadui wake ni pamoja na meli ya maharamia yenye kichwa cha paka, nguruwe mpiganaji wa sumo, na mcheza dansi mkubwa kiasi kwamba skrini haimtoshi.

Nje ya Japani michezo ya namna hii hutajwa mara nyingi kama ushahidi kwamba Wajapani ni watu wa mambo ya ajabu, basi. Maelezo hayo hayatoshi. Karibu kila kichekesho cha Parodius kina kitu mahususi kinachoigwa, na chini ya mizaha hiyo kuna mchezo mgumu wenye kanuni zilezile za Gradius. Asiyeijua Gradius ataona vituko tu. Anayeijua ataona utani.

Asili

Michezo ya kufyatua risasi ilipata umaarufu mkubwa Japani mwaka 1978, kampuni ya Taito ilipotoa Space Invaders iliyobuniwa na Tomohiro Nishikado. Maadui wa mchezo huo walichorwa kwa kufuata maumbo ya viumbe wa baharini: pweza, ngisi na kaa. Kwa hiyo pweza alikuwamo katika michezo hii tangu mwanzo, ila alikuwa upande wa pili wa bunduki.

Katika miaka ya 1980 michezo hii ilizidi kuwa mizito kwa sura na hadithi. Gradius ilikuwa mfano bora wa mwelekeo huo. Chombo chake, Vic Viper, husafiri kutoka kushoto kwenda kulia kupitia milima ya volkano, mashine za kigeni na safu za sanamu zinazofanana na moai, zile sanamu za mawe za Kisiwa cha Pasaka, ambazo hapa hutema pete kutoka vinywani. Ukiangalia vizuri, Gradius ilikuwa tayari na uajabu wake. Kilichokosekana ni mtu wa kuucheka.

Mwaka 1986 kampuni ya Sega ilitoa Fantasy Zone, mchezo wa kufyatua risasi wenye rangi nyororo kama za peremende. Shujaa wake, Opa-Opa, ni chombo kidogo cha mviringo chenye mabawa, na kinaweza kuota miguu. Maadui wakifa huacha sarafu ambazo mchezaji huzitumia dukani kununulia silaha, na kila silaha inaponunuliwa tena bei yake hupanda. Mchezo huu ulionyesha kwamba aina hii haihitaji giza la anga na chuma ili ipendwe. Hata hivyo Fantasy Zone haikuwa mwigo wa mchezo mwingine.

Michezo ya mfululizo

Mchezo wa kwanza ulitolewa mwaka 1988 kwa ajili ya kompyuta za MSX. Jina lake kamili, Parodius: Tako wa Chikyū o Sukū, lina maana ya "Parodius: Pweza Anaiokoa Dunia". Mbali na pweza na Vic Viper, Konami iliwachukua mashujaa wa michezo yake mingine, wakiwemo Goemon, mwizi wa hadithi za kale za Kijapani, na Popolon, askari wa mchezo wa Knightmare wa mwaka 1986.

Mchezo wa pili, Parodius Da!, ulitoka mwaka 1990 kwenye mashine za kumbi za michezo, na ndio uliolifanya jina hili lijulikane. "Da" ni neno la Kijapani lenye maana ya "ni", hivyo jina linasomeka kama tangazo: "Ni Parodius!" Kichwa chake cha pili kilikuwa Shinwa kara Owarai e, yaani "Kutoka Visasili hadi Vichekesho". Hapo pana utani ambao hupotea kabisa ukitafsiriwa peke yake. Mwishoni mwa 1989, miezi michache tu kabla, Konami ilikuwa imetoa Gradius III yenye kichwa cha fahari kisemacho "Kutoka Ngano hadi Visasili". Gradius III ilijulikana kwa ugumu uliowashinda hata wachezaji wazoefu. Kampuni iliupandisha mfululizo wake hadi mbinguni, kisha ikauangusha yenyewe kwa kicheko.

Mwaka 1994 ulitolewa Gokujō Parodius. Wahusika wake wapya ni pamoja na samaki, nguruwe mwenye mabawa ya malaika, mtoto mchanga anayeitwa Upa, na Koitsu, mtu aliyechorwa kwa vijiti kama michoro ya mtoto wa chekechea, anayesafiri juu ya ndege ya karatasi.

Jikkyō Oshaberi Parodius ulifuata mwaka 1995 kwenye mashine ya Super Famicom. Ndani yake mna mtangazaji, aliyeigizwa na Jōji Yanami, ambaye huongea mfululizo wakati mtu anacheza: husifu, hushangaa na hukejeli, kama mtangazaji wa mpira aliyejikuta vitani. Konami ilikuwa tayari inatumia neno jikkyō, yaani utangazaji wa moja kwa moja, katika michezo yake ya besiboli, hivyo hapa tena ilikuwa inajitania yenyewe. Mchezo wa mwisho wa asili ni Sexy Parodius wa mwaka 1996, ambamo kila hatua humpa mchezaji kazi maalumu ya kutimiza, kwa mfano kukusanya idadi fulani ya vitu.

Uchezaji

Kanuni ya msingi imechukuliwa kutoka Gradius bila kubadilishwa sana. Baadhi ya maadui wakiuawa huacha vidonge. Kila kidonge husogeza taa nafasi moja kwenye ukanda ulio chini ya skrini, wenye nafasi za kasi, makombora, aina za risasi, wasaidizi na ngao. Mchezaji hubonyeza kitufe taa ikiwa juu ya nguvu anayoitaka. Hivyo kila kidonge ni swali: nichukue kasi sasa, au nivumilie hadi nifikie leza?

Parodius Da! iliongeza utani ndani ya ukanda wenyewe. Kuna nafasi yenye alama ya mshangao. Mchezaji akiichagua hupoteza silaha zote alizokusanya. Tena, baadhi ya vidonge huzungusha taa kwa kasi kama gurudumu la bahati nasibu, na mchezaji aliyezubaa anaweza kuisimamisha papo hapo kwenye nafasi hiyo. Mzaha huu haukupambwa juu ya mchezo. Mchezaji anauchezea na unamgharimu.

Kitu kingine ni kengele, zilizoazimwa kutoka TwinBee, mchezo mwingine wa Konami wa mwaka 1985. Kengele ikipigwa risasi hubadilika rangi, na rangi ndiyo huamua faida yake. Ya dhahabu huongeza alama. Ya buluu hutoa bomu. Ya kijani humfanya mhusika avimbe na kuwa jitu lisilodhurika kwa muda. Ile nyeupe humpa kipaza sauti, naye huanza kupaza maneno yasiyo na kichwa wala miguu, na maandishi hayo yanapowagusa maadui huwaua.

Kila mhusika ana silaha zake. Vic Viper hutumia zile za Gradius, TwinBee hurusha ngumi, na Pentarou ni pengwini anayeelezwa kuwa mwana wa Penta, shujaa wa Antarctic Adventure wa mwaka 1983. Kwa mtu aliyekua na michezo ya Konami, ukurasa wa kuchagua mhusika ulikuwa kama picha ya ukoo.

Anayedhani kwamba sura za kuchekesha zina maana ya mchezo rahisi atakosea. Kadiri mchezaji anavyojaza silaha, ndivyo mchezo unavyozidi ukali. Akigongwa mara moja hupoteza karibu kila kitu na kurudishwa nyuma, akiwa mtupu mbele ya maadui walewale waliomshinda akiwa na silaha. Wapenzi wa Gradius wanalijua balaa hili vizuri. Tofauti ni kwamba katika Parodius anayekuua anaweza kuwa pengwini, na ni vigumu kumkasirikia pengwini kwa muda mrefu.

Muziki

Sehemu kubwa ya muziki wa Parodius ni nyimbo za watu za Kijapani na muziki wa klasiki wa Ulaya, zikiwemo kazi za Tchaikovsky, uliopangwa upya kwa kasi na kuchanganywa na miondoko ya dansi. Watunzi wa kazi hizo za klasiki wamefariki zamani, na kazi zao hazibanwi tena na haki za mtunzi. Matokeo yake ni ya kuchekesha kwa namna ambayo haihitaji tafsiri: muziki wa ukumbi wa heshima unapigwa huku pweza anakimbizwa na paka.

Mvuto na ukosoaji

Watu wanaozungumza Kiswahili wana neno linalofaa kuueleza mvuto wa Parodius kuliko "kejeli": utani. Mtani humtania mtu anayemjua na anayemheshimu, na ana ruhusa ya kufanya hivyo. Konami haikuwa ikiwakejeli washindani wake, ilijitania yenyewe. Sanamu za moai ni mfano mzuri. Katika Gradius ni hatari na za fumbo. Katika Parodius Da! zinakuja na meli yao ya vita, nayo inaitwa Yoshiko, jina la kawaida la mwanamke wa Kijapani. Aliyeogopa moai mwaka 1985 ndiye anayecheka kwa sauti kubwa zaidi mwaka 1990.

Utani wa michezo hii haukuzeeka wote sawasawa. Mcheza dansi wa Parodius Da!, Chichibinta Rika, hauawi. Mchezaji hupita chini ya miguu yake akichunga asikanyagwe. Kimchezo ni wazo zuri, kwa kuwa adui mkuu ambaye njia pekee ya kumshinda ni kumkwepa huvunja mazoea ya aina hii nzima. Lakini jina lake ni mchezo wa maneno kuhusu matiti, na mwili wake ndio kichekesho. Mwelekeo huo ulizidi hadi ukawa kichwa cha mchezo wa 1996, na hapo ubunifu wa utani ulipungua: mwanamke aliyevaa nguo chache haigi kitu chochote, wakati meli ya paka inaiga.

Michezo mingine ya aina hiyo

Mafanikio ya Parodius Da! yalifuatwa na michezo mingi ya mzaha. Kampuni ya Hudson ilitoa Star Parodier mwaka 1992 kwa mashine ya PC Engine, ikiutania mfululizo wake wa Star Soldier. Mchezaji anaweza kuchagua Bomberman, au hata mashine ya PC Engine yenyewe ikiruka angani na kupiga risasi.

Mchezo unaotajwa zaidi baada ya Parodius ni Chō Aniki, uliotolewa chini ya jina la Masaya mwishoni mwa 1992, pia kwa PC Engine. Jina lina maana ya "Kaka Mkuu Kupindukia". Adui ni mfalme wa watunisha misuli ambaye, baada ya kuishiwa na protini, anaanzisha vita vya kuitafuta. Wahusika wawili wakuu, Idaten na Benten, husaidiwa na Adon na Samson, wanaume wenye misuli mikubwa na nguo chache mno. Kinachotaniwa hapa si mchezo fulani bali ushujaa wa kiume wenyewe, ule ambao michezo mingine ya kipindi hicho iliuchukulia kwa uzito wote. Muziki wa Kōji Hayama umechangia sana kuuweka mchezo huu kumbukumbuni. Kama mchezo wa kufyatua risasi ni wa wastani tu, na hapo ndipo Parodius inapouzidi.

Keio Flying Squadron (1993) kwenye Mega CD ina msichana aliyevaa kama sungura akiwa juu ya joka. Harmful Park (1997) kwenye PlayStation hupigania bustani ya burudani kwa silaha za viazi, keki, aiskrimu na jeli. Nakala zake za asili ni adimu na huuzwa kwa bei kubwa miongoni mwa wakusanyaji.

Wajapani huita baadhi ya michezo hii bakagē, "michezo ya kipumbavu". Neno hilo ni la mapenzi. Lisichanganywe na kusogē, ambalo ni tusi kwa mchezo uliotengenezwa vibaya.

Upatikanaji

Parodius Da! ilihamishiwa kwenye mashine nyingi za nyumbani, zikiwemo Famicom, Game Boy, PC Engine na Super Famicom, na baadhi ya matoleo hayo yaliuzwa Ulaya kwa jina la Parodius tu, bila kile kichwa cha visasili na vichekesho. Wachezaji wa Ulaya walipata pweza na paka, lakini si utani wa jina. Mwaka 2007 Konami ilikusanya michezo yote mitano katika Parodius Portable kwa ajili ya mashine ya PSP. Mkusanyiko huo uliuzwa Japani pekee.