Ukoo wa O'Sullivan na Hesabu ya Watu 35

Ukoo wa O'Sullivan haukuanzia Beara, rasi ya mawe iliyoko kusini-magharibi mwa Ayalandi, ingawa jina la rasi hiyo ndilo lililoupa umaarufu. Asili yake ni nyanda zenye rutuba za Tipperary, karibu na kilima cha Knockgraffon, nao ulihesabiwa kuwa tawi la Eóganacht, watawala wa zamani wa Munster. Nasaba zinazoupeleka hadi kwa Milesius wa Hispania ni kazi ya washairi waliolipwa kusifu, na mwanahistoria hana haja ya kupoteza wino juu yake. Wanormani walipoingia Munster mwishoni mwa karne ya 12, ukoo ulisukumwa magharibi na hatimaye ukagawanyika. O'Sullivan Mór walikaa Dunkerron, upande wa Kerry. O'Sullivan Beare walishika Beara na Bantry, ambako mapato makubwa yalitokana na ushuru waliowatoza wavuvi wa kigeni.

Mgogoro uliowapasua O'Sullivan Beare ulikuwa wa urithi. Kwa desturi ya Kigaeli, uongozi ulikwenda kwa ndugu aliyekomaa na kukubalika, si lazima kwa mtoto wa marehemu. Baba yake Donal Cam, aliyekuja kuwa kiongozi wa O'Sullivan Beare, alipouawa mwaka 1563, Donal alikuwa mdogo, na baba yake mdogo, Owen, akatawala na kutambuliwa na serikali ya Malkia Elizabeth. Mwaka 1587 Donal alidai haki yake kwa sheria ya Kiingereza, iliyompa urithi mtoto wa kwanza wa kiume. Uamuzi wa mwaka 1593 ulimpa ngome ya Dunboy, na upande wa Owen ukabaki na eneo la Bantry. Wanaomwita Donal mlinzi wa desturi za kale huipita sura hii haraka mno.

Hispania ilipotuma jeshi Kinsale mwaka 1601 kuwasaidia Waayalandi walioasi utawala wa Waingereza, Donal alijiunga nayo. Binamu zake wa upande wa Owen wakasimama na Waingereza. Wahispania walishindwa. Juni 1602 kamanda wa Waingereza, George Carew, aliizingira Dunboy, iliyolindwa na watu 143 hivi chini ya Richard MacGeoghegan. Ngome ilibomolewa kwa mizinga, na karibu walinzi wote wakauawa vitani au wakanyongwa baadaye.

Tarehe 31 Desemba 1602 Donal aliondoka Glengarriff na watu wapatao 1,000, wapiganaji 400 na waliosalia wakiwa wanawake, watoto na watumishi, kuelekea kwa O'Rourke wa Leitrim, kaskazini. Walishambuliwa karibu kila siku, mara nyingi na Waayalandi wenzao waliotaka kuionyesha serikali utii wao. Walipofika mto Shannon bila chombo, walichinja farasi, wakala nyama na kutengeneza mashua kwa fito na ngozi. Mashua moja ilizama na watu wake. Ng'ambo ya mto, huko Aughrim, walilishinda jeshi lililokuwa kubwa kuliko lao. Waliofika Leitrim baada ya wiki mbili walikuwa 35, mwanamke mmoja tu miongoni mwao.

Masimulizi hayo yanatoka hasa katika kitabu cha Kilatini cha Philip O'Sullivan Beare, kilichochapishwa Lisbon mwaka 1621. Philip alipelekwa Hispania mwaka 1602 akiwa mtoto, kwa hiyo hakuuona msafara. Baba yake, Dermot, alikuwamo na ndiye aliyebuni mashua iliyovuka salama. Askofu mkuu James Ussher, Mprotestanti, alimwita Philip mwongo, hukumu iliyosukumwa zaidi na ugomvi wa dini kuliko ushahidi. Pacata Hibernia, kitabu cha mwaka 1633 kilichotokana na karatasi za Carew, hakina haki ya kuitwa shahidi asiye na upande. Philip huongeza chumvi anapohesabu maadui, lakini habari za farasi, njaa na mto zina uzito wa kitu kilichosimuliwa na aliyekuwapo.

Kosa liko kwa waliomsoma. Hesabu ya watu 35 imegeuzwa kuwa hesabu ya ukoo mzima, kana kwamba wengine 965 walikufa wote na Beara ikabaki tupu. Wengi waliuawa, ndiyo, lakini wengine walitoroka au waliachwa njiani wakiwa wagonjwa, na simulizi za Galway na Roscommon zinazitaja familia zilizotokana nao. Isitoshe, sehemu kubwa ya ukoo haikusafiri kabisa. Donal mwenyewe alikwenda Hispania, Mfalme Philip III akampa cheo cha ukabaila, na mwaka 1618 akauawa Madrid na John Bathe.

Uhamaji mkubwa ulikuja baadaye, nao ulikuwa wa watu wasio na vyeo. Njaa kuu iliyoanza mwaka 1845 iliwasukuma maelfu kwenda Marekani, na wachimba shaba wa Allihies, huko Beara, walifuata kazi hiyohiyo hadi Butte, Montana. Hata hivyo, makadirio ya Robert Matheson kutokana na vizazi vilivyosajiliwa mwaka 1890 yaliweka watu wapatao 43,600 wenye jina hilo Ayalandi, wa tatu kwa wingi baada ya Murphy na Kelly, wengi wao wakiwa bado Cork na Kerry.