Mahandaki ya Hadaa ya Vita vya Pili vya Dunia Nchini Uingereza

Mahandaki ya hadaa ni vyumba vidogo vya matofali na zege vilivyojengwa mashambani nchini Uingereza wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kutoka humo, askari wachache waliwasha mioto ya bandia ili marubani wa Ujerumani wadhani kuwa mji uliokusudiwa umekwisha kuungua, nao wadondoshe mabomu yao nyikani.

Kazi hiyo iliongozwa na Kanali John Turner wa Wizara ya Anga, akisaidiwa na mafundi wa studio ya filamu ya Shepperton, watu waliozoea kujenga majumba yasiyo majumba. Baada ya mji wa Coventry kuteketezwa usiku wa tarehe 14 Novemba 1940, vilianzishwa vituo vikubwa vya moto vilivyopewa jina la siri la Starfish. Idadi yake ilipita 200 kabla ya vita kumalizika. Usiku wa tarehe 17 Aprili 1941, mioto iliyowashwa karibu na kisiwa cha Hayling ilivuta sehemu kubwa ya mabomu yaliyolengwa Portsmouth.

Matangi ya mafuta, mifereji na vikapu vya kuni viliondolewa baada ya vita, na mashamba yakalimwa tena. Handaki ndilo lililobaki. Kwa kawaida lina njia fupi katikati, chumba cha jenereta upande mmoja na chumba cha kuongozea mioto upande wa pili, pamoja na tundu la dharura darini lenye ngazi ya chuma. Nje huwa na ukuta wa kuzuia mshindo, na juu limefukiwa udongo.

Kati ya mwaka 1995 na 2002, wananchi wa kujitolea chini ya Baraza la Akiolojia la Uingereza waliorodhesha karibu mabaki 20,000 ya ulinzi wa vita. Anayeendeleza kazi hiyo hana budi kupata kwanza idhini ya mwenye ardhi, kisha apime vyumba, achore ramani, apige picha kila ukuta na kuandika mahali penyewe kwa usahihi. Maandishi ya rangi na alama za nyaya ukutani, ambazo wengi huzipita, mara nyingi hueleza zaidi kuliko jengo lenyewe.

Baadhi ya vituo, kama kile cha Black Down katika vilima vya Mendip kilichoilinda Bristol, vinalindwa na Sheria ya mwaka 1979, inayokataza kutumia humo vifaa vya kutafutia metali bila kibali. Popo wakikutwa ndani, sheria huwalinda wao na makazi yao.

Ikumbukwe kuwa kituo kilichofanikiwa ni kile kilichopigwa mabomu, na si yote yaliyolipuka. Mtu akiona chuma asichokitambua ardhini, asikiguse wala asikisogeze; aondoke kwa njia aliyojia na kuwaarifu polisi kwa namba 999.