Bongo wa Milimani

Msomaji, ukisimama mjini Nyeri alfajiri, kabla mawingu hayajashuka, utauona Mlima Kenya upande wa mashariki na safu ya Aberdare upande wa magharibi. Katika misitu ya milima hiyo amejificha mnyama ambaye wenyeji wengi wamezaliwa na kuzeeka wasimwone hata siku moja. Jina lake ni bongo. Usidhani nataja ubongo wa kichwani. Huyu ni mnyama mkubwa mwenye pembe, wa jamii moja na tandala.

Yamkini umekwisha kusoma habari za gorila, kwamba wako wa nchi za chini na wa milimani, na kwamba hawa wa milimani, wakaao mipakani mwa Uganda, Rwanda na Kongo, wamesalia elfu moja na kidogo tu. Bongo naye yuko wa namna mbili vivyo hivyo. Wa nchi za chini hukaa katika misitu ya joto tangu Sierra Leone hata bonde la Kongo, na wataalamu wa Ulaya walimwandika mwaka 1837. Wa milimani hawakumjua hadi mwaka 1902, Oldfield Thomas wa makumbusho ya London alipompa jina la kitaalamu. Wote wawili ni wekundu kama kahawia, wenye michirizi myeupe ubavuni, na majike yao huota pembe kama madume. Ila wa milimani ni mkubwa zaidi. Tena, wa nchi za chini wangali maelfu. Wa milimani haishi porini popote duniani isipokuwa Kenya, nao hawafiki 100.

Wamepunguaje hata kufikia hapo? Sotoka ya miaka ya 1890 iliwaua wengi pamoja na ng'ombe na nyati. Baadaye misitu ikakatwa. Lakini lililowadhuru mno ni mbwa. Bongo akifukuzwa na mbwa hakimbii mbali. Hugeuka, akainamisha kichwa, akawakabili kwa pembe. Basi mwindaji mwenye mkuki humkuta amesimama palepale. Ujasiri wake ndio uliomponza.

Sasa fikiri kwamba umeandamana na wenyeji wanaofuata nyayo zake Aberdare. Mnaingia msituni kungali na baridi, na umande umekulowesha kabla hujafika penye mianzi. Hapo hakuna njia ila ile iliyopasuliwa na ndovu. Kiongozi ananyosha mkono, nanyi mnasimama. Matopeni mna nyayo. Za nyati ni za mviringo. Hizi ni ndefu kidogo, zimechongoka mbele. Hatua chache zaidi kuna mavi, vidonge vidogo kama vya mbuzi. Mavi hayo huokotwa kwa uangalifu kuliko fedha, kwa kuwa wataalamu huyachunguza ili kujua udugu wa mnyama mmoja na mwingine. Nao wameona kwamba waliobaki wanafanana mno kwa damu. Kisha mnafunga kamera mtini, mnaondoka. Mwenyewe hamkumwona. Wafuatao nyayo wamezoea.

Ajabu ni kwamba bongo wa milimani walio kifungoni ni wengi kuliko walio huru. Katika miaka ya 1960 na 1970 baadhi yao walikamatwa Aberdare wakapelekwa ng'ambo katika bustani za wanyama. Wakati ule wengi hawakuona ubaya. Watoto wao walizaana huko Marekani, na mwaka 2004 wajukuu 18 wakarudishwa kwa ndege hadi Nanyuki. Mwaka 2025 wakaja 17 wengine kutoka Florida, wakapelekwa Meru.

Je, wafunguliwe tu waende zao? Hasha. Mnyama aliyezaliwa Florida hajui harufu ya chui, wala kupe wa milimani, naye humwona binadamu kuwa mleta chakula. Kwa hiyo hufugwa kwanza, na ni vizazi vyao vinavyozoezwa kidogo kidogo kujitafutia majani. Mwaka 2022 bongo watano wa kwanza walifunguliwa katika hifadhi ya Mawingu, msituni mwa Mlima Kenya, ndani ya uzio bado. Huko walinzi hujitahidi wasionekane nao, ili wanyama hao wajifunze tena kumkimbia mtu.