Kutoka Nile hadi Suswa: Gridi ya Kenya na Balaa Zake

Taa za Nairobi ziliwahi kutegemea maji ya Mto Nile. Bwawa la Owen Falls pale Jinja, Uganda, lilifunguliwa mwaka 1954, na miaka minne baadaye laini ya kilovolti 132 ikafika kutoka Tororo hadi kituo cha Juja Road, ikileta megawati 30 chini ya mkataba wa miaka 50. Kabla ya hapo kila mji ulijitafutia. Historia inayosimuliwa na kampuni ya umeme yenyewe huanzia Unguja, kwenye jenereta ya Sultani Seyyid Barghash, ambayo mwaka 1908 ilinunuliwa na mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee. Mwaka huohuo Nairobi nayo ikapata kampuni yake, na mwaka 1922 kampuni hiyo na ile ya Jeevanjee ya Mombasa zikaungana.

Megawati 30 za jirani hazikutosha nchi iliyokuwa ikikua. Kenya ikaugeukia Mto Tana: Kindaruma 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981, Kiambere 1988. Maji yanayotoka Masinga hupita Kamburu, Gitaru na Kindaruma hadi Kiambere, na kila bwawa huyavuna upya. Mpango mzuri, ila wote uliegemea mto mmoja. Mvua zilipogoma mwaka 1999 na 2000, mabwawa yote matano yaliumia kwa pamoja. Mgao ukaingia, wenye maduka wakanunua jenereta, na serikali ikakodi mitambo ya dizeli kwa dharura na kwa bei ya kuumiza.

Dawa ilikuwa chini ya ardhi. Visima vya kwanza vya kutafuta mvuke Olkaria, karibu na Naivasha, vilichimbwa mwaka 1956, lakini mtambo wa kwanza, wa megawati 15 tu, uliwaka mwaka 1981. Kazi ilikwenda kwa mwendo wa kobe hadi ukame ulipowaamsha wakubwa. Mwaka 2014 na 2015 ziliongezwa megawati 280, na leo jotoardhi hutoa takriban asilimia 40 ya umeme wa nchi. Mvuke haujui kiangazi wala masika.

Hata hivyo ukame, pamoja na ukatili wake, hutoa notisi. Kina cha bwawa hushuka miezi kadhaa, ratiba ya mgao ikapangwa, na mtaa ukajua zamu yake ya giza. Balaa za miaka ya karibuni hazibishi hodi.

Tarehe 7 Juni 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma. Transfoma ikajizima. Mashine nyingine za kituo, zikielemewa na mzigo, zikajizima pia. Zaidi ya megawati 180 zikatoweka na nchi nzima ikakosa stima. Tumbili mwenyewe alinusurika, akachukuliwa na shirika la wanyamapori. Dunia ilicheka, lakini kwa mafundi hakukuwa na cha kuchekesha. Gridi haina ghala la maana: kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika, sekunde kwa sekunde, umeme wa mitambo yote ukienda kwa mizunguko 50 kwa sekunde. Sehemu kubwa ikichomoka ghafla, iliyobaki hupungua kasi, na vifaa vya kinga huanza kuizima mmoja baada ya mwingine ili isiharibike.

Kisha ukaja upepo. Mashine 365 za Loiyangalani, kaunti ya Marsabit, zenye uwezo wa megawati 310, zilikuwa tayari mwaka 2017, zikakaa bure zikisubiri laini ya zaidi ya kilomita 400 hadi kituo cha Suswa, iliyokamilika Septemba 2018. Upepo huo hauna ratiba ya binadamu. Usiku wa manane, viwanda na nyumba vikiwa vimelala, wasimamizi hulazimika kupunguza uzalishaji wa upepo, au kuuacha mvuke wa Olkaria, uliochimbwa kwa gharama kubwa, upae angani bila kuzungusha chochote.

Ijumaa usiku, tarehe 25 Agosti 2023, megawati 270 za Loiyangalani zilishuka hadi sifuri na karibu nchi yote ikazimika. Uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta nao uliingia gizani. Kampuni ya usambazaji ilisema chanzo ni kupotea kwa umeme wa mitambo hiyo ya upepo; wenye mitambo wakajibu kwamba volti ya gridi ilipanda kupita kiasi, na mashine zao zikajizima ili kujikinga. Katika ubishi kama huo kila upande una rekodi zake, na mwenye friji iliyoyeyuka hana yoyote.

Wakati huo Suswa ilikuwa tayari inapokea megawati 200 kutoka Ethiopia, kupitia laini ya kilovolti 500 yenye urefu wa kilomita 1,045, iliyoanza kuleta umeme Novemba 2022. Upepo wa kaskazini na maji ya Ethiopia vikawa vinaingilia mlango mmoja. Asubuhi ya tarehe 6 Septemba 2024 laini ya Loiyangalani ilikatika hapo Suswa ikiwa imebeba megawati 288, kisha laini ya Ethiopia ikafuata: megawati 488 kwa mkupuo, zaidi ya mara 16 ya zile ambazo Uganda iliahidi kuleta Juja Road.